Tisini na Tisa Nukta Tisa

Kila jioni Ciku alipokuwa akichota maji kwenye tangi, lango la ploti lilikwaruza, kisha gari la Mama Janice likaingia bila sauti. Magari mengine ya mtaa wa Kimbo hujitangaza tangu barabarani. Hili lilinyemelea kama paka. Lilikuwa haibridi, tena ile ya kuchaji: lilikuwa na tangi la petroli kama magari yote, lakini pia lilikuwa na betri kubwa iliyochajiwa ukutani kila usiku. Asubuhi lilitumia stima kwanza. Stima ikiisha njiani, ndipo injini ya petroli ilipoamka.

Mwenye gari aliitwa Ndila. Ndiye aliyekuwa mwenye ploti pia, na alikuwa na duka la sare za shule mjini Thika. Watu walimwita Mama Janice kwa sababu ya binti yake wa pekee. Dereva aliyempeleka dukani na kumrudisha aliitwa Githae, na Githae alikuwa baba yake Ciku. Familia ya Ciku ilipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Janice, karibu na kamba za nguo.

Hapo ndipo wivu ulipoanzia, na wacha tuuite kwa jina lake, maana Ciku mwenyewe aliuita majina mengine. Mara aliuita kuumwa na kichwa, mara aliuita uchovu wa masomo. Ulikuwa wivu. Zamani Githae alikuwa na pikapu yake mwenyewe, kuukuu, yenye kunywa petroli bila haya, na Ciku alikuwa akikaa mbele karibu na baba akipokea upepo wa dirishani. Injini ilipokufa pikapu iliuzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu. Sasa baba aliendesha gari la watu, na kiti cha mbele kilikuwa cha Janice.

Janice alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, sawa na Ciku. Alisoma akademi moja mjini Ruiru. Baba alimshusha pale kila asubuhi akienda Thika na kumchukua jioni akirudi, ilhali Ciku alitembea kwa miguu hadi shule yake upande wa Gitothua. Hilo Ciku angelivumilia. Kilichomchoma ni mchezo wa namba.

Kabla ya kuzima gari, Githae alimngoja Janice asome kioo kilicho nyuma ya usukani. Kioo hicho kilionyesha gari limekwenda kilomita ngapi kwa lita moja ya petroli siku hiyo. Janice alijinyoosha shingo, akasoma kwa sauti iliyofika kwenye tangi la maji.

"Tisini na tisa nukta tisa!"

"Hongera," baba alisema akicheka.

Hongera ya nini, Ciku alijiuliza. Kwani ni yeye aliyeliendesha? Alibana mdomo na kufungulia mfereji zaidi ili asisikie.

Jumatatu moja Ciku alikuwa na hesabu za sehemu zilizomshinda. Baba alikuwa ameahidi kumsaidia akifika. Gari liliingia, namba ikasomwa, lakini Janice alikuwa na maswali siku hiyo.

"Baba Ciku, mbona haifiki mia?"

"Kioo hakina nafasi ya tarakimu zaidi," Githae alijibu. "Kikifika hapo kimefika mwisho wa kuandika. Na usidhani gari halili kitu. Kioo hiki kinahesabu petroli iliyochomwa na injini, basi. Ile stima tuliyotia usiku hakiihesabu."

"Kwa hivyo petroli ikimwagika chini, hakitajua?"

Githae alimtazama, akapiga goti lake kwa furaha. "Hakitajua. Ikiwa haijapita kwa injini, hakijui. Umefikiria vizuri, maitu."

Ciku aliiacha ndoo ifurike.

Maitu kwa Kikuyu ni mama yangu. Ciku alikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi ya kwao alipewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo tangu utotoni, Githae alipokuwa na furaha hakumwita Ciku, alimwita maitu. Lilikuwa jina lake. Hakulipata dukani wala hakuliazima. Na sasa baba alikuwa amelitoa tu hivi hivi, kwa mtoto wa mwenye nyumba, tena Mkamba ambaye hata hakujua maana yake. Machozi yalimlengalenga.

Githae alichomeka waya wa gari kwenye soketi ya ukutani iliyokuwa kando ya tangi, akawasha swichi, taa ndogo nyekundu ikawaka. Kisha aliitwa na Mama Janice kuhusu mizigo ya kesho, na hesabu za sehemu zikasahauliwa.

Ciku alibaki peke yake na ndoo yake. Aliitazama ile taa nyekundu. Akanyoosha kidole, akazima swichi.

Asubuhi mama yake, Wangeci, alimtuma maji ya chai kama kawaida. Ciku aliwasha swichi tena kabla baba hajatoka. Githae alipokuja kuchomoa waya, taa ilikuwa inawaka na kila kitu kilionekana sawa, isipokuwa betri ilikuwa tupu.

"Ajabu," Ciku alimsikia akisema. "Au stima zilipotea usiku?"

Jioni hiyo gari liliingia likinguruma. Petroli ilikuwa imefanya kazi siku nzima. Ciku alisubiri karibu na tangi, na Janice akajinyoosha kusoma.

"Kumi na saba," alisema polepole. "Baba Ciku, imeharibika?"

Hakuna hongera iliyotolewa. Janice alishuka na begi lake akaingia ndani bila kupiga kelele, na Ciku akabeba maji akiwa mwepesi kama aliyebeba ndoo tupu. Jioni hiyo baba alikaa naye wakafanya hesabu za sehemu zote. Ciku alihisi utamu, na mtu akionja utamu hurudi kuulamba tena.

Alirudi kesho yake. Alirudi na kesho kutwa. Jioni alizima, asubuhi aliwasha, na katikati alilala usingizi mzuri. Aliichukulia namba ile kama alama za mtihani za Janice, na kumshusha mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani hakukuonekana kosa kubwa. Hakujiuliza ni nani mwingine aliyekuwa akiisoma.

Githae alimweleza Mama Janice kwamba betri haipokei stima vizuri. Mama Janice alimwita fundi wa stima, Kaleli, ambaye alikuja jioni gari lilipofika, akapima soketi na waya, akasema kila kitu ni kizima. Kweli kilikuwa kizima. Fundi alipoondoka, Mama Janice alisimama pale uani mikono kiunoni, akimtazama dereva wake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

Mwisho wa wiki kaka yake Mama Janice alifika kutoka Matuu. Jina lake Kyengo, mtu aliyekuwa na pikipiki mbili za bodaboda na maoni kuhusu kila kitu. Ciku alikuwa akianua nguo, na dirisha la jikoni la Mama Janice lilikuwa wazi.

"Kumi na saba kutoka tisini na tisa?" Kyengo alisema. "Dada, hii si betri. Dereva anakunyonya mafuta."

"Githae? Hapana. Githae ni mtu wa kanisa."

"Wote ni watu wa kanisa Jumapili. Jumatatu wako na mpira wa kunyonyea petroli na mtungi. Mimi nimewaajiri, nawajua. Fundi si amesema soketi ni nzima? Sasa stima inaenda wapi? Hiyo ni hadithi ya kukufunga macho."

Mama Janice akasema, "Nitaangalia wiki moja. Ikiendelea hivi, aende."

Sketi ya shule ilimponyoka Ciku ikaanguka kwenye vumbi. Alisimama akiitazama kama hajui ni ya nani. Aliyekuwa akimlenga ni Janice. Mshale ulikuwa umempita Janice na kumpata baba.

Jioni hiyo Githae hakumaliza githeri yake. Alimweleza Wangeci kwa sauti ya chini, akidhani watoto hawasikii.

"Ameniambia ananiangalia. Mimi, Wangeci. Nimembebea pesa za duka toka Thika na hajawahi kunihesabia."

"Ukikosa hii kazi, kodi tutamlipa na nini?" Wangeci aliuliza. "Na yeye ndiye mwenye nyumba."

Ciku alijifunika shuka hadi kichwani. Angeweza kusema pale pale. Lakini woga una akili zake, nao ulimpa shauri lililoonekana zuri: acha swichi, usiiguse tena. Betri itajaa, namba itapanda, Mama Janice atatulia, na hakuna atakayejua.

Akafanya hivyo. Jumatatu gari liliingia kimya kimya kama zamani. Janice alisoma tisini na tisa nukta tisa, ingawa hakupiga kelele sana. Jumanne vilevile. Ciku alianza kupumua. Alipika ugali bila kutumwa, akamfulia baba soksi, akajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Jumamosi Kyengo alirudi. Mama Janice alimwita Githae uani, mbele ya gari. Wangeci alitoka na kusimama mlangoni. Janice alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yao, na Ciku alikuwa kando ya tangi, mahali alipozoea.

"Dada, umeona mwenyewe," Kyengo alisema. "Tulipoongea tu, namba ikapanda. Mwizi akisikia anatafutwa, si anaacha? Kama ingekuwa ni betri, nani aliitengeneza? Huyu alijua tunamwangalia."

Shauri lake zuri lilikuwa limemfunga baba kamba ya pili, na hii ilikaza kuliko ile ya kwanza.

"Baba Ciku," Mama Janice alisema bila kumtazama usoni, "sitaki maneno mengi. Wewe umenifanyia kazi vizuri. Lakini siwezi kukaa na mtu nikiwa na wasiwasi. Niachie ufunguo."

"Mama Janice, mimi sijagusa mafuta yako," Githae alisema.

"Mama, ni kweli."

Wote waligeuka. Janice alikuwa amesimama.

"Kile kioo hakihesabu petroli iliyonyonywa," alisema. "Kinahesabu ile inayopita kwa injini. Baba Ciku alinifundisha kabla haya yote hayajaanza. Mtu akinyonya petroli kutoka kwa tangi, tangi linapungua lakini namba haishuki. Inabaki tu tisini na tisa. Ikishuka ni kwa sababu injini imechoma petroli, kwa sababu betri haikuwa na stima."

"Watoto wasiingilie mambo ya wakubwa," Kyengo alisema.

"Si ni yeye alinifundisha, Anko? Mwizi atakufundisha vile utamshika?"

"Janice. Keti," mama yake alisema.

Janice hakuketi. Alibaki amesimama kwenye ngazi akilia, akimtetea baba wa mtu mwingine, na baba yule akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya boneti taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha wenyewe.

Ciku alimtazama Janice, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Msichana ambaye Ciku alitaka kumshusha ndiye aliyekuwa akimwinua baba yake. Na yeye, binti wa kwanza, mwenye jina, alikuwa amenyamaza kando ya tangi la maji.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa nguvu. "Ni mimi nilizima swichi. Jioni nilikuwa nazima, asubuhi nawasha. Baba hakujua. Betri haikuwa inachaji kwa sababu yangu. Nilipoacha, ikachaji."

Alienda hadi ukutani, akazima swichi, taa nyekundu ikazimika. Akaiwasha, ikawaka. Basi, hakukuwa na fumbo lingine.

"Kwa nini?" Mama Janice aliuliza.

Ciku alitaka kusema hajui, lakini alijua. "Nilimwonea Janice wivu. Nilitaka namba yake ishuke."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema, lakini Ciku alikuwa amemsukuma baba yake kwanza. Wangeci alijishika mdomo. Kyengo alikumbuka ghafla kwamba alikuwa na mtu wa kuonana naye kwenye steji ya matatu, akaenda bila kumaliza chai yake. Mama Janice aliuchukua ufunguo kwenye boneti, akaushika kwa mikono miwili na kumpa Githae.

"Baba Ciku, nisamehe. Nilisoma namba nikadhani nimekusoma wewe. Ningeuliza kwanza."

"Imeisha, Mama Janice," Githae alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Ciku, na ndani yake hakukuwa na hasira. Ingekuwa afadhali kungekuwa na hasira.

Ciku aliomba msamaha kwa kila mmoja. Kwa Janice aliomba mwisho, kwa sababu ndiko kulikokuwa kugumu. Walikaa kwenye ngazi. Janice alichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Kwani mimi nina nini cha kuonewa wivu?" aliuliza.

"Unakaa mbele. Anakufundisha. Alikuita maitu."

"Hilo neno? Nilidhani ni kama kusema vizuri. Ciku, mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo, hata sauti yake siikumbuki. Baba yako akizima gari, mimi naingia ndani na yeye anaenda kwenu. Kila jioni. Mimi husikia vile mnacheka huko nyuma. Unadhani sijawahi kuwaonea wivu?"

Ukuta mmoja tu ulikuwa kati ya nyumba zao, na Ciku hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili wa ukuta huo kuna mtu anayesikiliza.

Adhabu yake ilikuwa nyepesi kwa mikono, nzito kwa moyo: kila jioni alichomeka waya yeye mwenyewe, akawasha swichi, na kusimama mpaka taa iwake. Githae alimsaidia masomo kama kawaida, akamwambia lala salama kama kawaida. Lakini alimwita Ciku. Asubuhi Ciku, jioni Ciku. Hakukuwa na maitu, na Ciku hakuthubutu kuuliza.

Likizo ilipofika, Mama Janice alikwenda Matuu kumwona mama yake mzee, na akasema Ciku aje pia. Wasichana walikaa nyuma pamoja, wakala ndizi, wakashindana kuhesabu punda njiani. Betri iliisha kabla ya kufika, injini ikaamka, na safari ya kurudi yote ikawa ya petroli. Walipofika Kimbo jua lilikuwa linatua. Mama Janice alishuka kwenda kufungua nyumba. Githae aliegesha karibu na tangi lakini hakuzima gari. Aligeuka kuwatazama waliokaa nyuma.

"Leo namba itakuwa ndogo," alisema. "Kwa nini, Janice?"

"Tumeenda mbali. Stima iliisha."

"Na kwa nini siku zingine ni kubwa sana, Ciku?"

"Kwa sababu tunatumia stima, na kioo hakihesabu stima."

"Basi gari halili kitu siku hizo?"

"Linakula. Mama Janice ananunua tokeni za stima."

Githae alitikisa kichwa akikubali. "Hiki kioo hakidanganyi, lakini hakisemi yote. Kinaonyesha upande mmoja tu. Ukikiamini peke yake utadhani gari hili linakwenda kwa baraka za Mungu. Usione vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu amelipa, mahali ambapo kioo hakioni." Alimtazama Ciku. "Na watu ndivyo walivyo. Wewe ulimwona Janice kwenye kiti cha mbele ukasoma hapo tu. Ulikuwa hujaona anachokosa, wala ulichonacho wewe. Wivu husoma namba moja tu. Halafu hushika swichi, na swichi ya mwenzako ukiizima, hujui ni giza la nani litakuja. Siku ile lilikuwa langu."

"Nisamehe, Baba," Ciku alisema.

"Nilikusamehe pale pale ukutani, uliposema. Ungenyamaza ningekosa kazi, lakini ningekosa pia mtoto mkweli. Nilikuwa nangoja tu wewe ujisamehe bila kusahau."

Alisogea kando, akaacha nafasi kati ya viti viwili vya mbele. Wasichana wote wawili walitazama kile kioo kinachong'aa. Janice alimsukuma Ciku kidogo kwa bega.

"Haya, maitu," baba alisema. "Soma."

Ciku alijinyoosha shingo. "Ishirini na sita nukta nne," akasoma kwa sauti iliyofika hadi kwenye tangi la maji. Kisha akashuka kwenda kuchomeka waya, na Janice akaenda naye.